Kimaiyo Alivyocheka Wodini

Shantel, nimetoka kumwona Chesang wodini sai.

Unajua alitolewa thyroid juzi, ile tezi ya koo, pamoja na zile tezi za shingo ambazo kansa ilikuwa imefika. Sauti imebaki ya kunong'ona tu.

Leo bwanake, Kimaiyo, amekuja na marafiki wawili. Akamvuta leso shingoni awaonyeshe mshono. "Si anakaa kama mbuzi ya Krismasi imechinjwa?" Akacheka. Shantel, alicheka.

Halafu anauliza daktari kama sauti inaweza kukaa hivyo, nyumba ipate amani.

Chesang akajifunika pole pole. Akaita nesi, mimi na nesi tukainama ndio tumsikie. "Huyu asiingie hapa tena. Nikitoka naenda kwa mama, huko Ndabibi."

Kimaiyo akauliza, "Amesema nini?"

Nesi akamrudia yote, kwa sauti.