Ile E ya Mwisho

Mavivi, 9 Januari 2003

Yaya Salomon, kaka yangu,

Jambo sana. Bibi yako na batoto banaamuka? Miye niko muzima, miguu tu inavimba tangu tulikimbia vita ya Mambasa.

Dereva moja ametoka Butembo, ameniletea karatasi ya paroisse, kanisa ya kule yenye inatafuta batu balipotea. Mvua imeifuta. Nasoma tu maneno mbili ya mwisho: *retrouvée vivante*, ndiyo kusema amepatikana muzima. Ni nani? Bwana yangu Omer, ao mutoto wetu Rébecca? Bote nilibapoteza njiani siku moja. Weye unafundisha Kifaransa, nijibu mbio.

Mudogo wako,
Kahongya

Mususa, Butembo, 13 Januari

Mudogo wangu,

Nyumba yote inakusalimia, bibi yangu analia kwa furaha. Mu Kifaransa kila jina iko mume ao muke, hata meza, hata kiti. Ile *e* ya mwisho inaonyesha muke. Kwa Omer bangeandika *retrouvé vivant*. Donc ni Rébecca! Tuma karatasi yenyewe, niende nayo kumutafuta.

Yaya yako,
Salomon

Mavivi, 17 Januari

Yaya,

Natumaini muko bazima. Nilicheka, kisha nikalia. Kama bamepata Rébecca peke yake, basi Omer… Bamama ya hapa balininyoa nywele, tukakaa chini siku tatu kwa matanga yake. Karatasi ndiyo hii. Mupe mutoto wangu maziwa, anapenda ya moto.

Mudogo wako,
Kahongya

Mususa, 24 Januari

Kahongya,

Sijui nikusalimie namna gani. Nilikausha karatasi juu ya makaa, neno ingine ikatokea mbele: *personne*. Maana yake mutu. Na *personne* ni muke siku zote, hata kama mutu mwenyewe iko na ndevu. Miaka kumi na mbili nafundisha ile, na nilikujibu bila kuona karatasi. Unisamehe.

Nilienda paroisse. Omer alikuwa amesimama kwenye mulango. Amekonda, lakini ni yeye. Alinishika mukono: "Shemeji, Rébecca iko na mama yake, si ndiyo?"

Nikasema: "Kwanza kula."

Nimujibu nini?

Yaya yako,
Salomon

Mavivi, 28 Januari

Yaya,

Salamu kwako, na kwa Omer mbele ya bote. Mungu asifiwe kwa ajili yake. Usimufiche: mwambie Rébecca hayuko kwangu. Mwambie pia nilimufanyia matanga, asishituke akiona kichwa changu.

Musije hapa, hamutanikuta. Kesho asubui narudi Mangina, mu njia yenye tulikimbilia, batu bangali banafika pale. Nitauliza nyumba kwa nyumba. Nikimukosa, nitaendelea mpaka Mambasa.

Mama Rébecca