Nafasi Uliyotaka Ibaki Wazi

Kisumu, Alhamisi

Baba Neema,

Salamu kutoka kando ya ziwa. Joto la huku lingekutoa kwenye kiti chako. Mchana nimemaliza ngege mzima, aliyekaangwa kisha akatiwa mchuzi, na vidole bado vinanukia samaki ninapokuandikia.

Unakumbuka fomu yetu ya kuorodhesha masomo ya walimu kwenye kompyuta? Nilikununia siku mbili kwa sababu ulitaka nafasi moja ibaki wazi, mwalimu aandike anachotaka. Basi leo kwenye mafunzo hapa ukumbini walimu wametafuta masomo ya Gredi ya Tano, kompyuta ikasema hakuna. Yapo tele, ila yaliandikwa Darasa la Tano kabla mtaala haujabadilika. Ukumbi mzima ukataka fomu itupwe, tuanze upya. Nikakataa katakata.

Ndipo Mwalimu Atieno wa Pap Onditi akasema, "Madam, hebu tafuta miaka kumi." Nikatafuta, na masomo yake yote ya darasa hilo yakatokea. Kumbe katika ile nafasi yako alikuwa akiandika umri wa mtoto. Nikamuuliza kwa nini.

"Darasa wanabadilisha jina kila saa," akasema. "Mtoto wa miaka kumi ni wa miaka kumi tu."

Kwa hiyo fomu inabaki ilivyo, tumeongeza tu nafasi ya umri. Mbusu Neema, mwambie nakuja na omena, dagaa wa huku ziwani. Na nafasi yako inabaki wazi. Hilo nimelitangaza mbele ya ukumbi mzima, kwa jina lako.

Mama Neema