Sikuinywa Pombe Ile

Biharamulo,
3 Machi 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta goti limekuachia upumue kidogo. Mama naye hajambo? Mwambie kikohozi chake nakisikia hadi huku, anywe dawa asidanganye. Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, nanenepa.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu simu za Ntobeye unazijua. Mtandao unapatikana mbele ya duka la mzee Rogasian peke yake, na nikikuuliza hali yako, kijiji kizima kinajibu.

Nina habari. Kazi yangu unaijua: nachukua filamu za nchi za mbali, nazitafsiri kwa sauti yangu, mzee mimi, mtoto mimi, polisi mimi, kisha naziuza hapa kwenye maktaba yangu ya video. Mwezi uliopita nilitafsiri moja ya kutisha, ya wasichana wa shule ya bweni. Mmoja anaonewa na wenzake mpaka anakufa, halafu bweni lenyewe linaanza kulipiza. Nilipoionyesha kwenye banda la video, wanaume wazima walitoka nje kuvuta sigara na hawavuti. Hakuna anayeokoka humo, baba. Wateja wameniomba niongeze mwisho wa kanisani, wote wasameheane. Watafsiri wengine hufanya hivyo. Mimi nimekataa.

Jumamosi hii inatoka kwa ajili ya watu kutazama nyumbani, kwenye dividii na kwenye flashi. Jalada nimelitengeneza mwenyewe, nimeandika: "Haifai kwa wadogo. Haina mwisho mwema." Nakala moja ya mama nimempa kondakta wa basi la Ngara pamoja na barua hii. Akaitazame kwa Claudia jirani, mwenye sola. Kuna maneno humo nilitaka ayasikie kwa sauti yangu.

Mwanao akupendaye,
Josiane


Ntobeye,
19 Machi 2025

Mwanangu Josiane,

Marahaba. Tunaendelea. Goti lipo palepale, mvua ikikaribia linanijulisha kabla ya redio. Maharage yameota vizuri mwaka huu.

Mama yako aliitazama. Alirudi kutoka kwa Claudia akakaa jikoni bila kuwasha moto. Nilipomuuliza kuna nini, akaniuliza mimi: "Hayo mahindi, ulijua?" Nikamjibu kwamba nilijua ulipigwa shuleni, la mahindi sikulijua. Tangu siku hiyo ananiwekea chakula na kuondoka.

Nami nikaenda kuitazama. Pale wasichana wanapomzunguka mwenzao na kumpigisha magoti, wewe unasema kwa sauti ya kiongozi wao: "Kula chakula cha kwenu, mtoto wa Benaco. Punje hamsini, na tunahesabu." Josiane, watu wa nchi ile wameijulia wapi Benaco, kambi yetu ya wakimbizi?

Leonsia ameisikia. Filamu ilipokuwa bandani ilikuwa ya wahuni wa Biharamulo. Sasa imeingia majumbani, kina mama wanaitazama huku wanachambua mboga, na kila mtu anakumbuka kwamba dada mkuu wa shule ulipokuwa bwenini alikuwa yeye. Leo ndiye mlezi wa bweni la wasichana palepale. Baba yake, mzee Rogasian, amekuja hapa mara mbili. Hakupiga kelele. Alikaa tu.

Unajua yule ni nani kwetu. Wenzangu wa kambini waliporudishwa kwao mwaka tisini na sita, yeye ndiye aliyesema, "Huyu ni mtu wangu, anaoa hapa," akanikatia shamba nikapanda migomba. Ndizi zake umezila. Nakuomba uiondoe filamu hiyo. Kama haiwezekani, toa kile kipande cha mahindi. Ni dakika mbili tu.

Baba yako,
Protasi


Biharamulo,
24 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nashukuru maharage yameota. Mama mpe pole na hongera, aendelee kukunyima maneno.

Siiondoi.

Umeuliza Benaco imeingiaje. Pale wasichana wale wanaongea kwa pamoja, na chini ya picha hakuna maandishi. Sehemu kama hiyo mtafsiri hujaza mwenyewe. Nilifungua maikrofoni nikangoja nione kitakachotoka, kikatoka hicho. Sikukipanga. Nilipomaliza nilizima mashine nikaosha vyombo vyote vya nyumba, hata visafi. Kisha nikaisikiliza tena, nikaiacha ilivyo.

Unasema dakika mbili. Mimi nilipiga magoti muhula mzima, baba, kila siku baada ya chakula, nikitafuna mahindi makavu ya njano, ya msaada kama walivyoyaita. Waliyatoa wapi sijui, maana stoo ya shule ilikuwa na meupe tu. Leonsia alihesabu kwa sauti nzuri, ya mwalimu wa chekechea. Lile jino langu la nyuma nililowaambia limeoza, halikuoza.

Na jina lake sijalitaja popote. Kama amejitambua, amejitaja mwenyewe.

Mliniambia nafasi yangu shuleni imechukuliwa na mwingine. Nikaja huku kwa shangazi Marsiana, nikajifunza cherehani, kisha kompyuta. Huu ni mwaka wa kumi sijakanyaga Ntobeye, mnanifuata ninyi, kwa sababu njia ya nyumbani inapita mbele ya lango la shule ile. Sijawahi kukulaumu. Usinifanye nianze leo.

Mwanao,
Josiane


Ntobeye,
7 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Hatuumwi, ingawa humu ndani ni kimya kitupu.

Nafasi yako haikuchukuliwa na mtu. Bora ulijue kutoka kwangu.

Mama yako alipokurudisha mwaka ule umekonda huwezi kusimama, niliandika malalamiko ya kupeleka ofisi ya elimu Ngara mjini. Kabla ya kuyapeleka nikapita kwa mzee Rogasian, nikiwa na hasira kweli. Akanikaribisha. Akatoa dumu zima la pombe ya ndizi, akaita wazee watano, tukanywa. Umekulia hapa, maana yake unaijua. Jambo likishanywewa pombe limekwisha, na aliyekunywa halileti tena, yeye wala watoto wake. Ile barua ya malalamiko tuliichoma palepale. Tukakubaliana usirudi shuleni ili msionane na Leonsia. Uliyetolewa ni wewe, si yeye. Hata hilo sikuliuliza.

Niliogopa, Josiane. Shamba letu halina karatasi. Karatasi yake ni mdomo wa mzee yule.

Sasa anasema nimevunja pombe. Filamu isipoondolewa, tukishavuna maharage tutoke shambani. Ile migomba nina miaka ishirini na tisa nayo. Sina pa kwenda, na mama yako hana.

Nimekueleza ili ukinichukia, unichukie kwa jambo la kweli.

Baba yako,
Protasi


Biharamulo,
11 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne. Siku mbili sikufungua maktaba, nikawaambia wateja umeme una matatizo.

Pombe ile mimi sikuinywa. Mlikunywa ninyi. Mimi nilikuwa nyumbani kitandani, hakuna aliyeniita, sikuonja hata povu. Mmelimaliza jambo langu bila mimi, kisha mkanifundisha kwamba nafasi imechukuliwa, nami nikawa nawaonea huruma wazazi wangu kwa kukosa bahati! Kama pombe inamfunga aliyekunywa, imekufunga wewe. Mimi hainihusu. Mwambie mzee Rogasian hivyo hivyo nilivyoandika: Josiane ni mtu mzima, anaishi Biharamulo, amekataa. Akitaka ninyamaze aje yeye mwenyewe na dumu lake aniombe mimi.

Wewe sikuombi uvunje neno lako. Kaa kimya kama ulivyoahidi. Nyumba yangu ina vyumba viwili, kimoja ni chenu, njooni hata kesho. Naogopa kwa ajili yenu, nalia ninapoandika, na bado siiondoi. Jana nimechapisha majalada mengine.

Mwanao,
Josiane


Biharamulo,
12 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. Mwezi mzima bila barua. Kondakta anaapa kwamba bahasha aliikabidhi mkononi mwako. Nimepiga simu kila siku, haipatikani.

Nitumie hata matusi, nitayapokea. Kama mmeshatolewa shambani niambieni mlipo niwafuate. Msinyamaze. Nimechoka kunyamaziwa.

Mwanao,
Josiane


Ntobeye,
26 Mei 2025

Mwanangu mpendwa,

Marahaba kwa shikamoo zako zote mbili. Sisi ni wazima na tuko nyumbani kwetu. Nisamehe ukimya. Nilikuwa na kazi, utaona ilikuwa kazi gani.

Wakati wa likizo ya Pasaka alirudi Niragira, binti wa Claudia, yuko kidato cha pili shule ile ile. Bandani asingeruhusiwa kuingia, lakini filamu iko kwao mezani. Akaitazama na mama yake. Walipofika kwenye mahindi, mtoto akauliza: "Kumbe na hawa wanahesabiwa?" Claudia akaisimamisha picha. Yakatoka yote. Ni mahindi ya njano yale yale, punje hamsini zile zile, na mlezi wao akipita mlangoni huwaambia wafanye haraka.

Claudia alimleta hapa. Mtoto alinisimulia mimi, akiwa amesimama, mikono nyuma, kana kwamba mwenye kosa ni yeye. Sikuweza kumtazama. Nilikuwa naiona ile barua niliyoichoma. Ningeipeleka siku ile, huyu asingejua ladha ya mahindi hayo.

Basi nikaenda shambani nikachagua mikungu. Nikaingoja ikomae, nikaivundika, nikakamua. Pombe ya kununua ipo, lakini hii nilitaka itoke kwenye migomba ile ile. Mama yako aliponiona nakamua aliuliza ni ya nini. Nilipomwambia, akakunja kitenge akanisaidia, bado bila kunisemesha.

Jana baada ya misa nikafunga dumu kwenye baiskeli nikaisukuma mpaka kwa mzee Rogasian, mama yako nyuma yangu. Wale wazee watano wamebaki watatu, na wote niliwaomba waje. Nikaliweka dumu mbele yake nikasema: "Mwaka ule nilikunywa kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Pombe yako hii hapa, imejaa kama ilivyokuwa. Naliondoa neno langu."

Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hilo. Mzee Matiasi, mmoja wa wale watatu, alivua kofia, akaivaa tena. Rogasian akaniuliza, "Protasi, unajua shamba unalolima ni la nani?" Nikamjibu, "Najua, na kwa ardhi nakushukuru mpaka leo. Mtoto sikukupa."

Leonsia alikuwa mlangoni mwa jiko. Akasema, "Jamani, tulikuwa watoto." Mama yako akamuuliza, "Na walioko bwenini leo ni wazee?" Tukaondoka, dumu tukaliacha pale. Sijui kama kuna aliyeligusa.

Leo asubuhi tumekwenda Ngara mjini, mimi na Claudia, tukapeleka malalamiko mawili. La Niragira, na la kwako, limechelewa miaka kumi. Karani alisoma tarehe akaniangalia. Nikamwambia apige muhuri, maelezo yamo ndani. Akapiga.

Rogasian naye ameshatangaza kwamba shamba analipeleka baraza la ardhi. Litaamuliwaje sijui. Yeye ana mdomo, mimi nina migomba. Wiki hii naendelea kupogoa kama kawaida.

Mama yako ameanza kunisemesha. Neno lake la kwanza lilikuwa kwamba nimechelewa. Nami nasema hivyo hivyo kwako, mwanangu. Nimechelewa. Nisamehe, ukiweza na wakati utakapoweza.

Baba yako,
Protasi


Biharamulo,
29 Mei 2025

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa mama. Barua yako niliisomea dukani mbele ya wateja, nikalia kwa sauti, wakadhani kuna msiba. Nikawaambia hapana, baba yangu amerudisha pombe. Wenye asili ya huko kwetu walisimama. Wengine ilibidi waelezwe.

Kuhusu kusamehe, bado. Sitaki kukudanganya kwa sababu umefanya vizuri Jumapili moja. Hasira ninayo, nami nitakuja nayo, tutaizungumza tukiwa kazini.

Ndiyo, nakuja. Jumamosi napanda basi la kwanza mpaka Ngara mjini, kisha bodaboda. Dereva nitamwambia apite njia ile ile ya langoni mwa shule, na asikimbize. Niragira mwambieni nitamtafuta, nataka kukaa naye hata saa moja. Filamu inaendelea kuuzwa, shangazi Marsiana ndiye atakayeshika duka, na amekatazwa kumsimulia mteja mwisho wake.

Mama asihangaike kunitandikia nipumzike. Niwekeeni panga la kupogolea, lenye makali. Wakija watu wa baraza kulipima shamba, watukute ndani yake wote watatu.

Mwanao,
Josiane