Tangu Abdisalam Aondoke

Kwa Nthenge,
Tarehe 14 Juni.

Kwa kaka yangu mpendwa Musyimi,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na kwamba joto la Lodwar halijakumaliza. Sisi huku tuko salama kwa neema ya Mungu. Mwaitu, mama yetu, yuko vizuri, goti linamsumbua asubuhi tu, na Jumapili bado anaimba na akina mama wenzake kanisani. Pojo tulipata magunia mawili. Mahindi yalikauka yote. Nimekuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako haipatikani, na pia kwa sababu haya siwezi kuyasema kwa simu. Jonah wa lori ameahidi kukupa mkononi.

Unajua kwamba tangu mwaka jana niko mapokezi hapa kituo cha afya, kwa mkataba, naandikisha wagonjwa kwenye kompyuta. Basi mwezi wa nne kompyuta zetu ziliingiwa na virusi. Ukibonyeza faili ya mgonjwa, linafunguka dirisha tupu. Yangu ilianza, ikafuata ya duka la dawa, halafu ya maabara, maana zote zimeunganishwa kwa waya. Mama wajawazito walikuwa wanapanga foleni mpaka nje, na mimi napekua madaftari ya zamani nikitafuta majina kwa mkono.

Kaunti ikamtuma fundi mmoja anaitwa Nyamai, mtu mpole, haongei sana. Alichomoa waya zote, akasafisha kila kompyuta peke yake, akatukataza kabisa kuchomeka flashi. Jumatatu alimaliza. Jumanne saa sita virusi vikawa vimerudi. Akaja tena, mara hii akalala mjini Tawa siku mbili ili azifuatilie, na alipoondoka tu vikarudi. Alisema hajawahi kuona ugonjwa wa namna hiyo usiosikia dawa, na kwamba mashine hazijiambukizi zenyewe. Kuna mtu hapa ndani, alisema, anavileta kila siku.

Kaka, neno hilo liliharibu kituo. Watu waliacha kunywa chai pamoja. Muuguzi akiingia mapokezi kuuliza kitu, mimi naangalia mikono yake, na yeye anaangalia yangu. Msimamizi wetu, Bwana Kitheka, akaanza kupekua mikoba mlangoni.

Kwenye mkoba wa Abdisalam akapata flashi. Abdisalam ndiye mtaalamu wetu wa maabara, mzaliwa wa Wajir, ana mke na watoto wawili huko, na hapa alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Alieleza kwamba flashi ni ya masomo yake ya jioni na hajaichomeka kituoni tangu tukatazwe. Bwana Kitheka aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote. Alisema mbele yetu kwamba kuna watu wanaletwa huku na hatujui wametoka na nini. Hakutaja kabila la mtu, lakini sote tulielewa. Abdisalam alisimama akauliza, "Kuna mtu yeyote hapa ameniona nikiichomeka?" Hakuna aliyejibu. Jioni hiyo alipewa barua ya kumtaka ajieleze, na kesho yake akaambiwa akae nje ya kazi mpaka kaunti iamue.

Nyamai akaja mara ya tatu, akafuta kila kitu na kuanza upya. Siku mbili zikapita, wiki ikapita, virusi havikurudi. Watu wakaanza kucheka tena. Kila mtu alisema umeona sasa, tangu Abdisalam aondoke.

Lakini Nyamai alipokuwa akifuta, alifukua faili zilizokuwa zimefichwa na virusi, na moja ilikuwa majibu ya makohozi ya Kalekye, yule fundi wa kushona wa Kalamba. Yalikuwa yamekaa mle siku kumi na nane. Yalisema ana kifua kikuu kile kisichosikia dawa za kawaida. Siku zote hizo alikuwa nyumbani akimeza dawa zisizomfaa, analala chumba kimoja na watoto wake watatu. Mhudumu wa afya alienda kumchukua kwa pikipiki. Watoto walipimwa. Wawili wako salama, yule wa mwisho ameanza dawa. Daktari anasema huenda alikuwa ameambukizwa kabla ya hizo siku, hakuna anayeweza kujua. Mimi usiku silali.

Na hilo pia likawekwa juu ya Abdisalam. Bwana Kitheka akaniita ofisini nimpigie chapa barua ya kwenda kaunti, kwamba mtu huyu aachishwe kazi kabisa. Alinisomea, nikaandika. Tulipofika mahali pa kusema kwamba tangu aondoke mashine zote ni nzima, vidole vyangu vilikataa.

Kaka, sasa nisikilize. Ni mimi.

Betri ya sola yetu ilikufa mwezi wa tatu, na Mwaitu hataki simu yake izimike hata saa moja, akisema pengine utapiga. Kila asubuhi nilikuwa naibeba ile kabambe yake, simu ya vitufe, naichaji kwa waya kwenye kompyuta ya mapokezi. Nyamai alitukataza flashi, sikufikiri simu ni flashi. Kumbe kadi ya nyimbo iliyo ndani yake ndiyo iliyokuwa na virusi, ile uliyomjazia Krismasi pale kwa muuza nyimbo. Usijilaumu, hukujua, wala mimi sikujua. Lakini asubuhi ya ule mkutano nilijua. Nilipoichomeka, dirisha lilifunguka lenyewe na nikaona ile faili yenye jina la ajabu ambayo Nyamai alikuwa ametuonyesha. Nikachomoa waya, nikatia simu mfukoni, nikaenda kuketi mkutanoni. Abdisalam aliuliza swali lake akiwa ananitazama, na mimi nikaangalia chini. Tangu siku hiyo sikuchaji tena pale. Ndiyo maana virusi viliondoka wakati mmoja na yeye. Ukimya wangu ndio uliomfunga.

Nilimwambia Bwana Kitheka palepale. Alifunga mlango, akasema, "Ndinda, jambo hili limekwisha, usilifungue. Una mkataba wa kulinda." Nilitoka nikaandika maelezo yangu kwa mkono, nikaweka sahihi, nikampigia Nyamai aje na nikampa simu. Aliipima mbele ya watu wawili wa kaunti. Ilikuwa ndiyo yenyewe.

Abdisalam amerudishwa kazini tangu Jumatatu. Mimi mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi na hautaandikwa tena. Nimeshamwambia Mwaitu yote. Akaniambia nivae viatu twende kwa huyo mtu.

Tulimkuta mlangoni kwake anafua. Mwaitu aliomba msamaha kama mzazi, akasema simu ni yake. Abdisalam alimletea kiti, akamwambia yeye hana kosa. Mimi nilisimama. Nilisema maneno yangu yote, akayasikiliza mpaka mwisho. Hakugomba. Alitaka kujua kitu kimoja tu: siku ile anaondoka kituoni, kwa nini nilimsaidia kubeba sanduku lake mpaka barabarani, nikamwambia Mungu atamtetea.

Mwaitu anakusalimu, na akina Kasyoki, na jirani Mutanu ambaye amejifungua mtoto wa kike. Ukiwa na kichwa cha kuandika, niandikie, hata kama ni kunikemea. Mungu akulinde huko uliko.

Mimi dada yako,
Ndinda.