Kichwa ya Stovu ya Shosho

Wanjiku wangu,

Nimemkosea shosho, nyanya yako. Hapa Riruta tuko salama, na mamako Njeri amepata kazi mtaa wa Karen. Uliuliza mbona stovu ya pampu ambayo shosho aliachiwa na mama yake haivumi siku hizi. Ni mimi. Nilitoa kichwa yake nzima, pale moto huwakia, nikafunga kwa stovu kuukuu niliyonunua soko la Gikomba, ile ninajivunia kwa wageni. Ya shosho nikaiwekea kichwa mbovu ya ile kuukuu.

Juzi alipampu, akawasha, ikatoa moshi tu.

"Baba Njeri, imezeeka kama sisi," aliniambia akicheka, halafu akaipanguza polepole.

Hataki hata kupika nayo. Anataka kusikia ule mvumo wa jikoni kwa mama yake.

Jumapili hii, kabla twende kanisa, nitairudisha kichwa yake, nimwambie ukweli, nimpe kiberiti awashe mwenyewe.

Babu yako, Guka