Jua Lilikuwa Tikiti Langu

Soko la Toi, Ijumaa

Sasa Morris wangu,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako siku hizi imejaa sayari. Huku niko sawa, mvua tu imepasua turubai.

Ndugu yako Shiundu amenionyesha video ya darasa lako jipya huko Kawangware. Watoto wanaelekeza simu mezani, na kwenye kioo cha simu Jua linaonekana likiwaka hewani, sayari zinalizunguka. Inapendeza, sitakudanganya. Lakini huyo mwalimu Tabby amekushika mkono akikuonyesha pa kubonyeza. Mwalimu mzima, hujui kubonyeza simu?

Ulipofundisha hapa Kibera, kila Ijumaa ulichukua matunda kibandani kwangu. Tikiti lilikuwa Jua, ndimu ikawa Dunia. Somo likiisha watoto walikula sayari zote, nawe uliniletea kipande cha Jua.

Kwenye video, mtoto mmoja alinyoosha mkono ashike ile sayari yenye pete, akashika hewa. Nilicheka mpaka wateja wakageuka.

Usidhani nina wivu. Ila leo mama mmoja ameulizia tikiti langu kubwa mara mbili. Nimemwambia lina mwenyewe.

Ni mimi,
Mideva wa matunda