Uboho Wako Umetuliza Viungo Vyangu

S.L.P. 74,
Silibwet,
Bomet.

9 Septemba, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Antony,

Pokea salamu kutoka huku kwetu Silibwet, ambako mvua imenyesha wiki nzima na majani chai yanatushinda kuchuma. Habari ya Doha? Joto limepungua? Na ile nyonga waliyokutoboa, bado inauma ukisimama kazini muda mrefu? Nijibu ukweli, usinifiche kama kawaida yako. Sisi tu wazima. Mama yuko hapa kwangu tangu Agosti, anakula vizuri na anagombana na kuku wangu kila asubuhi.

Usishangae mwandiko huu. Si wa binti yangu Fancy anayeniandikia kila mara, ni wangu mimi Yunia, na kalamu nimeishika kwa mkono wa kulia. Kwa simu ningekuambia yote kwa dakika mbili, lakini nilitaka uone kwa macho yako.

Unakumbuka nilivyokuwa. Miaka kumi na moja ya baridi yabisi, tangu Fancy akiwa mchanga. Vidole vilivimba kama tangawizi. Asubuhi ni mume wangu Kipsang aliyenifunga vifungo vya blauzi, na siku hata moja hakulalamika. Halafu juu ya hiyo ukaja ule ugonjwa mwingine, uboho ukakauka ndani ya mifupa na mwili ukaacha kutengeneza damu. Tulipokwenda India nipandikizwe uboho wako, habari ya vidole nilikuwa nimeshaisahau. Nilitaka kuishi tu.

Sasa sikiliza. Wiki tatu zilizopita nesi wa kliniki ya damu kule Eldoret alinipigia. Akasema, "Mama Fancy, daktari anataka kukuona Jumanne. Usikuje peke yako." Ndugu yangu, nilimwita Kipsang kutoka zizini. Maneno ni yale yale tuliyoambiwa mwaka ule kabla ya kupewa habari mbaya. Kipsang aliacha ng'ombe nusu hajakamuliwa. Mama alitoa Biblia yake lakini hakusoma, aliishika tu mapajani.

Jumatatu nilimwita Fancy jikoni nikamfundisha kupika mboga ya chinsaga isiwe chungu, vile Mama alivyotufundisha tukikaa kwa zile laini, nyumba za wafanyakazi wa chai, kule Kericho. Mtoto aliniuliza, "Mbona leo unanionyesha kila kitu?" Nikamwambia koroga.

Jumanne tulikuta madaktari watatu wanatungoja, mimi na Kipsang na Mama. Mmoja ni Daktari Okeyo, yule wa viungo, aliyenitibu kabla damu haijaharibika. Hata hakukaa. Alininyooshea kidole chake akasema, "Finya." Nikafinya. "Finya zaidi." Nikafinya kwa hasira yote ya ile simu. "Aai! Mama, inatosha! Nitaandikia nini?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Niliuliza, "Ugonjwa umerudi?"

"Haujarudi," akasema. "Ndiyo maana tumekuita. Wa damu haujarudi, na hata ule wa viungo hatuuoni."

Nilimwambia, "Daktari, mlikaribia kuniua na hiyo simu yenu!" Aliomba msamaha sana. Kumbe walitaka niende na watu wangu kwa sababu kulikuwa na jambo la kukubaliana.

Alituchorea kwa karatasi. Chembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili. Wangu wa zamani walichanganyikiwa, wakawa wanashambulia viungo vyangu mwenyewe. Kule India zile dawa kali ziliwafagia, na walioota baadaye wametoka kwa uboho wako. Hao hawana ugomvi na vidole vyangu! Kwanza walidhani ninasaidiwa na dawa za kutuliza kinga nilizokuwa nameza, lakini hizo nimeziacha miezi minane sasa na uvimbe haujaonekana. Hata kundi langu la damu si O tena. Ni B kama lako. Mama aliposikia hivyo alisema, "Kwa hivyo nimezaa Antony wawili." Kipsang naye alishika mkono wa daktari, anashukuru tu kwa Kikalenjin, "Kongoi, kongoi," mpaka nikamvuta.

Daktari hakutudanganya. Vidole viwili vilivyopinda vitabaki vimepinda, mfupa ulishaharibika. Alisema pia baridi yabisi inaweza kurudi siku moja, na kwamba hakuna daktari atakayempandikiza mtu uboho kwa sababu ya viungo peke yake, maana safari hiyo inaua wengine. Lakini wagonjwa kama mimi ni wachache mno, na wanataka kujua hao askari wapya wana tofauti gani na wale wa zamani. Wakijua, labda siku moja watatengeneza dawa ya kuwatuliza askari bila kumpitisha mtu nilikopita mimi. Wanaomba damu yangu kila miezi mitatu, kwa miaka miwili.

Mama aliruka. "Mmemtoboa huyu mtoto ya kutosha! Hamshibi?" Nilimwachia aseme. Mimi nilikuwa namfikiria Velma, jirani yetu, msichana wa miaka ishirini na nne anayechuma chai. Tangu Juni anaficha mikono chini ya leso kanisani, na mimi najua kinachofichwa hapo. Nikachukua fomu nikatia sahihi. Wiki iliyofuata nilimpeleka Velma mwenyewe kwa Daktari Okeyo. Ameanzishiwa dawa mapema, kabla kidole hata kimoja hakijapinda.

Alhamisi iliyopita niliingia shambani na kikapu mgongoni. Kipsang alinikataza, nikajifanya sisikii. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, vidole vyenyewe vilikumbuka! Nilichuma kilo tisa. Pale kituo cha kupimia, Edinah wa kanisani kwetu aliangusha kikapu chake akanikumbatia, tukalia sote wawili kwa matope.

Sasa jambo la mwisho. Wanahitaji damu yako pia, kidogo tu, ukija likizo Desemba, ili wailinganishe na yangu. Najua bado unajilaumu kwa zile wiki tatu ulizonyamaza kabla ya kukubali kwenda India. Mama aliniambia. Nilikukasirikia wakati huo, sitadanganya. Lakini hukuwahi kusikia ombi hilo kinywani mwangu, ulitumiwa wajomba wakupigie kelele, na ningekuwa wewe ningeogopa vilevile. Safari hii ninakuomba mimi mwenyewe. Ukisema hapana, wewe bado ni ndugu yangu, na mimi bado niko hai.

Kipsang anakusalimu, anasema dume letu limekua na linakungoja wewe. Mama anakusalimu na anauliza kama unakula. Fancy anakusalimu, na Velma pia, ingawa hamjuani. Mungu akulinde kazini na barabarani, akurudishe nyumbani ukiwa na afya.

Ni mimi dada yako nikupendaye kwa damu zote mbili,

Yunia